Serikali Iliyouza Afyuni Ikafungua Hospitali ya Kuitibu: Habari za Kōseiin ya Taipei

Swali la msomaji: "Mimi ni muuguzi katika kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu wa heroini, huku Pwani. Mwenzangu mmoja alinisimulia kwamba Taiwan ilipokuwa koloni la Japani palikuwa na hospitali ya kuwatibu wavutaji wa afyuni, na kwamba serikali iliyoifungua ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikiuza afyuni kwa leseni. Je, habari hii ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, wagonjwa walipona, au hospitali ilikuwa pambo la kuwaonyesha wageni?"

Dada msomaji, habari uliyosimuliwa ni ya kweli. Hospitali hiyo iliitwa Kōseiin, yaani nyumba ya kuanza maisha upya. Ilikuwa katika eneo la Dadaocheng, mtaa wa zamani wa wafanyabiashara wenyeji mjini Taipei, ikaanza kazi mwanzoni mwa 1930 na kufungwa mwaka 1946, baada ya Japani kushindwa vita na kukiacha kisiwa. Kuhusu sehemu ya pili ya swali lako, mimi nashikilia kwamba tiba ilikuwa ya kweli na waliopata nafuu walipata nafuu ya kweli, lakini serikali iliiruhusu tiba hiyo kwa kuchelewa mno, pale ilipobanwa na watu wa nje na wa ndani, na pale ambapo fedha za afyuni hazikuwa tena na uzito mkubwa katika hazina yake. Ili ulione jambo hili vizuri, yafaa turudi nyuma zaidi ya miaka thelathini kabla ya mgonjwa wa kwanza kulazwa.

Japani iliipata Taiwan mwaka 1895 kwa mkataba wa Shimonoseki, baada ya kuishinda China vitani. Uvutaji wa afyuni ulikuwa umeenea kisiwani tangu enzi ya nasaba ya Qing iliyoitawala China, na moja ya sababu ni kwamba watu waliihesabu afyuni kuwa dawa: ilituliza maumivu, ilizuia kuhara, ilipunguza kikohozi, na katika nchi yenye malaria nyingi na matabibu wachache, mtu aliyeianza kwa ajili ya ugonjwa alijikuta hawezi kuiacha hata ugonjwa ulipokwisha. Huko Japani kwenyewe afyuni ya kuvuta ilikuwa marufuku kabisa, na maofisa wengi mjini Tokyo walitaka marufuku hiyo hiyo ipelekwe Taiwan mara moja. Aliyewashinda kwa hoja ni Gotō Shinpei, daktari aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya Japani, na ambaye mwaka 1898 alikwenda Taiwan kuwa mkuu wa utawala wa kiraia chini ya Gavana Mkuu Kodama Gentarō. Gotō alisema kwamba kupiga marufuku ghafla kungewatesa waraibu na kuwasukuma katika uasi, kwa hiyo serikali iichukue afyuni mikononi mwake, iwaandikishe waliokwisha kuzoea, iwauzie wao peke yao kwa leseni, izuie wapya, na idadi ipungue polepole mpaka iishe yenyewe. Fedha zitakazopatikana, alisema, zitumike kwa mambo ya afya ya umma.

Sheria ya afyuni ilitolewa Januari 1897 kwa misingi hiyo. Daktari alimthibitisha mraibu, polisi akamwandikisha, naye akapewa leseni ya kununua kiasi fulani katika duka lililoidhinishwa. Afyuni ghafi iliagizwa kutoka nchi za mbali kama India, Uajemi na Uturuki, ikapikwa katika kiwanda cha serikali mjini Taipei na kuuzwa kwa madaraja matatu kulingana na uwezo wa mnunuzi. Leseni za biashara hiyo walipewa wenyeji waliojionyesha kuwa waaminifu kwa utawala mpya, na mashuhuri kati yao ni Ku Hsien-jung, mfanyabiashara aliyeyapokea majeshi ya Japani yalipoingia Taipei. Mjapani aliyekutwa akivuta aliadhibiwa vikali. Ruhusa ilikuwa ya wenyeji tu. Kufikia mwaka 1900 waliokuwa wameandikishwa walipita 169,000, katika nchi ambayo watu wake hawakufika milioni tatu. Hiyo ni sehemu kubwa sana ya watu wazima, na katika miaka hiyo ya mwanzo mauzo ya afyuni yalikuwa mojawapo ya nguzo kuu za mapato ya koloni.

Nakuomba usipite haraka katika jambo hili, kwa sababu mara nyingi linaandikwa kana kwamba sera ya Gotō ilikuwa mpango wa tiba. Haikuwa hivyo. Kwa zaidi ya miaka thelathini mraibu aliyeandikishwa alipewa kitabu cha kununulia. Hakupewa kitanda wala muuguzi. Neno "polepole" lilifanya kazi ya kumtuliza mwenye dhamiri huku mapato yakiendelea kuingia. Idadi ya wenye leseni ilipungua kweli, mpaka kufikia mwisho wa miaka ya 1920 walikuwa wamebaki takriban 26,000, lakini sehemu kubwa ya upungufu huo ilitokana na vifo. Watu walizeeka na kufa wakiwa na leseni zao mkononi, na kila aliyekufa alihesabiwa kuwa hatua moja ya mafanikio ya sera.

Mwaka 1901 lilitokea tukio linalodhihirisha nia ya serikali kuliko hotuba yoyote. Katika mahekalu ya wenyeji, hasa upande wa Hsinchu na kwingineko kaskazini na katikati ya kisiwa, palikuwa na vikundi vya ibada ambavyo miungu iliaminiwa kuandika maagizo kwa kalamu iliyoshikwa na mhudumu wa hekalu. Miungu iliagiza watu waache afyuni. Mraibu alikwenda hekaluni, akala kiapo mbele ya madhabahu, akanywa maji yaliyochanganywa na majivu ya ubani, akakaa karibu na wenzake waliokuwa wakipita katika mateso yale yale. Wewe unayewaona wagonjwa kila siku utajua mara moja nguvu ilikuwa wapi: katika kiapo kilichosikiwa na jirani, katika kuwa pamoja wakati wa arosto, katika hofu ya kumvunjia mungu kiapo na kupata aibu. Makumi ya maelfu ya watu waliacha kuvuta katika muda wa miezi michache, na mauzo ya afyuni ya serikali yakaporomoka. Je, watawala waliokuwa wakisema kwamba wanataka uvutaji uishe polepole walifurahi? Polisi waliyapeleleza mahekalu hayo, wakawaita viongozi wake, wakawaonya na kuwatawanya. Sababu mojawapo ilikuwa hofu kwamba vikundi vya kidini vingegeuka kuwa vya uasi, na hofu hiyo haikuwa ya kubuni, maana miaka hiyo mapigano ya wenyeji dhidi ya utawala wa Japani yalikuwa bado hayajaisha. Lakini hasara ya mapato nayo ilikuwa mbele ya macho yao, na wengi kati ya walioacha walirudia bomba baada ya kukosa mahali pa kushikilia.

Palikuwa na faida nyingine ambayo mnunuzi wa kawaida hakuijua. Katika kupika afyuni ya kuvuta, kiwanda cha Taipei kilibaki na mofini isiyosafishwa, yaani kemikali kali iliyomo ndani ya afyuni, na mofini hiyo iliuzwa kwa kampuni ya dawa ya Hoshi, mali ya Hoshi Hajime, aliyekuwa karibu na Gotō. Vita vya kwanza vya dunia vilipokata dawa kutoka Ujerumani, biashara hiyo ilikua sana, mpaka mwaka 1925 ilipozuka kesi kubwa ya afyuni iliyomhusu Hoshi na kutikisa siasa za Tokyo. Nalitaja jambo hili kwa ufupi tu, ili uone kwamba afyuni ya Taiwan ilikuwa na wanufaika wengi, na hospitali haingeweza kuanzishwa bila mtu kupoteza kitu.

Mambo yaliyobadilisha hali ni mawili, na yalikutana mwaka mmoja. La kwanza lilitoka nje. Baada ya mkutano wa Shanghai wa 1909, mkataba wa Hague wa 1912 na mikataba ya Geneva ya 1925 ilikuwa imezifunga nchi, Japani ikiwemo, kwa ahadi ya kukomesha uvutaji wa afyuni katika makoloni yao. Serikali ya Taiwan ikatunga sheria mpya mwishoni mwa miaka ya 1920, iliyosema kwamba mtu asiye na leseni akikutwa ni mraibu anaweza kuamriwa kutibiwa. Lakini sheria hiyo hiyo ilifungua mlango wa mwisho kwa wale waliokuwa wakivuta kwa siri: wajitokeze, wachunguzwe, na baadhi yao wapewe leseni mpya. Waliojitokeza walikuwa zaidi ya 25,000. Tafakari maana yake: baada ya miaka thelathini ya kusema kwamba idadi inapungua, serikali iligundua kwamba nje ya daftari lake kulikuwa na karibu idadi ile ile iliyokuwa ndani yake.

La pili lilitoka ndani. Chiang Wei-shui, daktari aliyekuwa na hospitali yake ndogo huko Dadaocheng, ndiye aliyeanzisha Chama cha Utamaduni cha Taiwan mwaka 1921 na kisha Chama cha Watu wa Taiwan mwaka 1927. Aliposikia kwamba serikali inataka kutoa leseni mpya, chama chake kilipinga kwa mikutano na magazeti, na mwanzoni mwa Januari 1930 kikapeleka simu ya maandishi Geneva, kwa Shirikisho la Mataifa lililoutangulia Umoja wa Mataifa, kikishtaki kwamba serikali ya Japani inawaruhusu Wataiwan kuvuta afyuni kinyume cha mikataba. Simu hiyo ilikuwa aibu kubwa kwa Tokyo. Wakati huo huo tume ya Shirikisho iliyoongozwa na Eric Ekstrand wa Sweden ilikuwa ikizunguka Asia ya Mashariki kuchunguza uvutaji wa afyuni, na mwezi Februari 1930 ilifika Taiwan. Serikali ilijaribu kuwazuia wapinzani wasiione, lakini Chiang na wenzake walifanikiwa kukutana nayo tarehe 1 Machi. Siku hizo hizo mwanahistoria Lian Heng, aliyekuwa akiheshimika kama mshairi, aliandika gazetini makala ya kuitetea afyuni, akieleza manufaa yake kwa waliokilima kisiwa. Wasomi wenzake walikasirika kiasi kwamba chama cha washairi alichokuwa mwanachama kilimfukuza.

Kwa hiyo unaposikia kwamba Kōseiin ilifunguliwa mwanzoni mwa 1930, linganisha tarehe. Wageni walikuwa njiani, simu ilikuwa imekwisha kufika Geneva, na serikali ilihitaji kitu cha kuonyesha. Kama hadithi ingeishia hapo, ningekujibu kwamba hospitali ilikuwa pambo. Haikuishia hapo kwa sababu ya mtu aliyekabidhiwa wodi.

Tu Tsung-ming alizaliwa mwaka 1893 katika familia ya wakulima upande wa Tamsui, kaskazini ya Taipei. Alisoma shule ya udaktari ya serikali ya koloni na kumaliza mwaka 1914, akiwa wa rika moja na Chiang Wei-shui shuleni hapo. Walipokuwa vijana walikuwa na moto mmoja wa kisiasa: mwaka 1913 Tu na rafiki yake Weng Chun-ming walisafiri mpaka Beijing wakiwa na vimelea vya kipindupindu, kwa nia ya kumuua rais wa China, Yuan Shikai, kwa kuvitia katika maji, wakarudi bila kufanikiwa. Baadaye njia zao zilitengana. Chiang alikwenda katika siasa na kufungwa gerezani. Tu alikwenda Chuo Kikuu cha Kifalme cha Kyoto kusoma elimu ya dawa na namna zinavyofanya kazi mwilini, na mwaka 1922 akawa Mtaiwan wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa ya tiba. Akarudi kufundisha Taipei, na kuanzia 1925 hadi 1928 alisafiri Marekani na Ulaya kuona maabara na hospitali. Alichagua kuchunguza mambo matatu ambayo yalikuwa ya nchi yake: dawa za mitishamba za Kichina, sumu ya nyoka, na afyuni. Uchaguzi huo haukuwa wa bahati mbaya. Katika vyuo vya koloni vitu vya heshima vilikuwa na wenyewe, na mwenyeji aliyetaka kuacha alama yake ilimbidi ashike yale ambayo Wajapani hawakuyapa uzito.

Kabla ya hospitali, Tu alifanya majaribio katika nyumba ya ombaomba iliyoitwa Aiai-ryō, huko Wanhua, mtaa mwingine wa zamani wa Taipei, ambayo kijana aitwaye Shi Qian aliianzisha mwaka 1923 baada ya kuacha kazi serikalini. Wengi wa ombaomba hao walikuwa waraibu. Walikuwa wameuza kila kitu, na hawakuwa na leseni kwa sababu hawakuwa na fedha za kuitumia. Tu aliwatibu hapo, akaona kwamba inawezekana. Mwaka 1929 serikali ilimtuma Korea, Manchuria na China kuangalia namna waraibu wanavyotibiwa, na aliporudi alitoa pendekezo la kuanzisha hospitali maalumu. Pendekezo lake lilifika mezani wakati ambapo wakubwa walikuwa wakitafuta jibu la kuwapa wageni wa Geneva. Kwa jina, mkuu wa Kōseiin alikuwa Mjapani. Aliyeongoza tiba na utafiti ni Tu.

Sasa tuje kwenye tiba yenyewe, ambayo nadhani ndiyo itakayokugusa zaidi. Wakati huo palikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni kumkatia mtu ghafla, kumfungia chumbani na kumwacha apambane. Wewe unajua yanayofuata: miayo, machozi na kamasi, vipele vya baridi ngozini, tumbo kunyonga, kuhara, kutolala, maumivu ya mifupa, na kilele cha siku ya pili na ya tatu. Kwa kijana mwenye afya njia hii ni mateso tu, lakini wavutaji wa Taiwan wengi walikuwa watu wa makamo na wazee, wenye vifua vibovu na mioyo dhaifu, na kwao ilikuwa hatari. Njia ya pili ilikuwa vidonge vya "kuacha afyuni" vilivyouzwa kwa wingi katika China na nchi jirani, ambavyo vingi vilikuwa na mofini ndani yake. Mtu aliacha bomba, akabaki mtumwa wa kidonge au wa sindano, naye aliyemuuzia akasema amemponya.

Tu alishika njia ya kati. Mgonjwa alipolazwa alipimwa mwili mzima na kuulizwa historia yake: alianza lini, kwa sababu gani, anavuta kiasi gani kwa siku. Kisha afyuni iliondolewa na mahali pake akapewa dawa ya jamii ya mofini kwa dozi iliyolingana na mazoea yake, na dozi hiyo ikapunguzwa hatua kwa hatua mpaka ikaisha, huku usingizi, tumbo na maumivu yakitibiwa kila kimoja kwa dawa yake. Ugonjwa uliomfanya aanze kuvuta nao ulitafutwa na kutibiwa. Jambo hili la mwisho kwangu ndilo kiini cha kazi ya Tu. Yeye na wanafunzi wake walikusanya maelezo ya maelfu ya wagonjwa na kuyapanga kwa takwimu, na yaliyojitokeza ni kwamba sababu kuu ya watu kuanza ilikuwa ugonjwa na maumivu. Watawala walikuwa wamezoea kusema kwamba Mchina huvuta kwa sababu ni mvivu na anapenda starehe. Makaratasi ya Kōseiin yalionyesha mtu aliyekuwa akikohoa damu au akiharisha, asiye na daktari, aliyepewa bomba na jirani aliyemhurumia.

Kutokana na wodi hiyo lilitoka jambo ambalo wewe unalitumia kila wiki, pengine bila kujua lilikotoka. Madaktari wa Kōseiin walikuwa na shida ya kumjua anayevuta kwa siri. Njia iliyotumika kabla ilikuwa kumfungia mtu na kumtazama mpaka arosto imtoe hadharani, nayo ilikuwa ya kikatili na ya kupoteza siku nyingi. Zaidi ya hayo, mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani hakuweza kufuatiliwa kwa namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Tu alitengeneza njia ya kikemia ya kutambua mofini kidogo sana katika mkojo, na kuanza kuitumia kwa wagonjwa wake. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa duniani kufanya hivyo kwa kazi ya kila siku hospitalini. Marekani ilikuja kuwapima mkojo askari wake waliotoka Vietnam mwaka 1971, miaka arobaini baadaye, na hapo ndipo kipimo cha namna hiyo kilipozungumzwa sana.

Hata hivyo kipimo hicho kilikuwa na sura mbili tangu siku ya kwanza, na sioni haki kuificha moja. Kwa daktari kilikuwa njia ya kujua kama dozi inatosha na kama mgonjwa anahitaji msaada zaidi. Kwa polisi kilikuwa ushahidi. Katika koloni la Taiwan afya ya umma ilikuwa chini ya polisi, na familia zilikuwa zimeunganishwa katika mfumo wa kuwajibishana, ambapo kosa la mmoja liliwagusa majirani zake. Wengi waliofika Kōseiin hawakuja kwa hiari; waliletwa kwa amri, na aliyerudia kuvuta baada ya kutibiwa alikabiliwa na adhabu. Mgonjwa alijua kwamba mkojo wake unaweza kumfikisha mbele ya ofisa aliyekwisha kumwandikisha, kumpekua na kumtoza faini. Imani kati ya mgonjwa na mtoa tiba, ambayo wewe unaijenga kwa miezi, pale ilikuwa imewekewa askari katikati.

Ulitaka kujua kama walipona. Katika miaka yote ya kazi yake Kōseiin ilitibu maelfu ya watu, na hospitali nyingine za serikali kisiwani zilichukua wengine kwa kufuata utaratibu wake. Walimaliza dozi, wakaongeza uzito, wakalala usiku, wakaenda nyumbani bila afyuni mwilini.  Hayo ni mafanikio ya kitabibu, na kwa mwaka 1930 ni makubwa. Idadi ya wenye leseni nayo ikaendelea kushuka katika miaka ya 1930 na 1940, safari hii tiba ikiwa moja ya sababu pamoja na vifo. Lakini hesabu ya serikali ilimhesabu mtu kuwa "amerekebishwa" siku aliyotoka wodini. Mraibu wa afyuni hapimwi kwa siku ya kutoka. Maabara ya Tu ililijua hilo, ndiyo maana kipimo cha mkojo kilitumika pia kwa waliokwisha kutoka, na waliorudia walirudishwa kutibiwa tena.

Inanisikitisha kwamba majina mawili, la Tu na la Chiang, mara nyingi husimuliwa kama ya watu wa pande mbili. Wapo wanaomlaumu Tu kwa kufanya kazi chini ya serikali iliyouza sumu hiyo, na wapo wanaomwona Chiang kuwa mpiga kelele asiyemtibu mtu. Mimi naona kwamba bila simu ya Chiang pendekezo la Tu lingebaki katika kabati, na bila pendekezo la Tu ushindi wa Chiang ungezaa amri ya polisi ya kuwakatia ghafla watu 25,000. Chama cha Chiang kilipigwa marufuku Februari 1931, na yeye mwenyewe akafa mwezi Agosti mwaka huo kwa homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka arobaini hivi. Tu aliendelea. Mwaka 1937 akawa profesa kamili katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Taihoku (jina la Kijapani la Taipei), cheo ambacho wenyeji karibu wote walinyimwa. Baada ya 1945 aliongoza chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Taifa cha Taiwan, akaanzisha chuo cha udaktari cha Kaohsiung mwaka 1954, na akafariki 1986. Kōseiin ilifungwa 1946, wagonjwa wake wa mwisho walipoondoka, kiwanda cha afyuni kikiwa kimekwisha kukoma pamoja na utawala wa Japani.

Ukitaka kuilinganisha na kazi yako, tofauti ya msingi iko katika lengo la dozi. Tu alipunguza dozi ili aifikishe kwenye sifuri mgonjwa akiwa bado kitandani, kwa sababu sheria ilimtaka amtoe akiwa safi. Huduma ya methadoni, kama ile iliyoanza Muhimbili mwaka 2011 na kuenea katika hospitali nyingine za Tanzania, humweka mtu katika dozi inayomtosha kwa miezi au miaka, akiwa anaishi nyumbani kwake na kurudi kila siku dirishani, na haraka ya kushusha dozi huhesabiwa kuwa hatari ya kumrudisha kwenye unga. Kwa jambo hilo njia yenu imepita mbali ya Taipei ya 1930. Kwa jambo la kumuuliza mgonjwa kwa makini ni maumivu gani yaliyomleta kwenye dawa hiyo mara ya kwanza, na kuyatibu maumivu hayo pamoja na uraibu, mafaili ya Kōseiin bado yana la kuwafundisha, na ningekushauri swali hilo liwe la kwanza katika karatasi mnayojaza siku mgonjwa anapoandikishwa.